Fulana ya Idi

Zamani, mtoto wa Kasongo akitukana hakuwa na pa kukimbilia. Mama anayepepeta mpunga uani kwake, mzee anayeziba pancha ya baiskeli chini ya mwembe, hata mpita njia ambaye hamjuani, yeyote aliyesikia alikuwa na haki ya kukushika sikio na kukuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Swali hilo liliuma kuliko kofi, maana jibu lake liliwaingiza baba yako na babu yako katika kosa ulilolifanya peke yako. Jioni ukifika nyumbani, habari imeshatangulia na pilipili imeshatwangwa. Ilipakwa midomoni, ndani na nje, nawe ukakaa kizingitini ulimi nje, wenzako wakipita na kukutazama. Nimekulia hapa miaka ya 1970, nchi ikiitwa Zaire, na sijui mtoto hata mmoja wa rika langu ambaye hakuionja.

Maneno ya viungo vya mwili yalikuwa na adhabu hiyo. Lakini yalikuwapo mawili ambayo hayakupelekewa pilipili. Ukimwita mtu mtumwa, au ukiwaita watu wa nyumba fulani washenzi, wazee walikaa. Mkeka ulitandikwa, baba yako akatumwa kuomba radhi, wakati mwingine na kuku mkononi. Sisi watoto hatukuambiwa kwa nini. Baadaye ndipo nilipoelewa: mji huu ulikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa, na mwanawe Sefu, watu walifikishwa hapa wakiwa wamefungwa kamba, na nyumba nyingi za leo zina damu ya aliyefunga na ya aliyefungwa pamoja. Wabelgiji chini ya afisa wao Dhanis walipouteka mji mwaka 1893, kamba zilikatwa lakini neno lilibaki, likiwa limelala chini ya kila ua. Mtoto aliyelitamka alikuwa anafukua kitu ambacho wakubwa walikubaliana kukizika ili waweze kuoana na kuzikana. Hatukuijua historia hiyo, ila tuliliogopa neno, kwa sababu tuliona nyuso za wazee zinavyobadilika likitajwa.

Matusi ya kigeni pia tuliyajua. Kila mtawala aliyepita hapa alituachia ya kwake, na watoto ndio walioyaokota kwanza. Babu zetu waliitwa "macaque", nyani, na Wabelgiji waliowasimamia barabarani na mashambani. Lumumba, ambaye kabla ya siasa aliwahi kufanya kazi Kindu, alipohutubia Kinshasa tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme wa Ubelgiji, aliyataja matusi pamoja na vipigo, akataja pia jinsi Mwafrika alivyoitwa kwa Kifaransa "tu" kama mtoto huku heshima ya "vous" ikiwekewa wazungu. Sisi tulilikuta hilo "macaque" likiwa limepoa, tukaliona la kuchekesha, tukarushiana uwanjani. Siku moja babu yangu alitusikia. Hakupiga mtu. Alituita sote, akatuketisha, akatueleza ni nani alimwita hivyo, ni mahali gani, na alikuwa amebeba nini kichwani siku hiyo. Hatukulirudia.

Kisha yakaja ya wanajeshi. Lingala ilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za Force Publique, jeshi la kikoloni, na askari wa Mobutu walipoweka kizuizi barabarani, tusi la "mama na yo", yaani mama yako, lilitangulia kabla ya kuulizwa karatasi. Wafanyabiashara waliosukuma baiskeli zenye mafuta ya mawese na mchele walisikia hilo kila walipopita, na sisi tuliokuwa tukiwasaidia kusukuma tulirudi nalo mtaani tukijiona wanaume. Pilipili ikatukuta vilevile. Wazee wetu wengi hawakuweza kuzungumza Lingala sentensi tatu mfululizo, lakini matusi yake waliyajua yote, kwa sababu walitukanwa nayo. Lugha yoyote tuliyotumia kutukana, alikuwapo mtu mzima ambaye tusi hilo lilimchoma kabla yetu, na yeye ndiye aliyetuzuia.

Kiingereza hakikutukana mtu hapa. Kilipita mapema sana. Msafiri Livingstone alikaa Nyangwe, ng'ambo hii ya Lualaba, mwaka 1871. Cameron alifika 1874. Stanley alipatana na Tippu Tip huku kwetu Maniema mwezi wa Oktoba 1876, na katika jeshi la Dhanis alikuwamo daktari Mwingereza, Hinde, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya vita vile. Lakini wote hao, walipotaka chakula, njia au wapagazi, iliwabidi wapitie Kiswahili. Waliondoka na Kiingereza chao mfukoni. Hakuna bibi wa Kasongo aliyewahi kulia kwa sababu ya neno la Kiingereza.

Mimi nilikutana nacho mwaka wa tatu wa sekondari, kama wenzangu wote wa Kongo. Kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu, na kilikuwa kimepoteza jalada. Tuliandika kutoka ubaoni: hii ni nyumba, yule ni mwanamke, saa ngapi sasa. Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole ambaye hakuwahi kumsikia Mwingereza akizungumza isipokuwa redioni. Kiingereza tulichokipata kilikuwa safi kama darasa lililofagiliwa asubuhi. Tungeweza kumwuliza mtu habari za mama yake, lakini hatukuwa na neno la kumtukania.

Mabadiliko yalianza na video. Mtu alileta jenereta na televisheni, akaziba madirisha ya chumba kwa magunia, tukabanana ndani kwenye harufu ya petroli tukimtazama Rambo. Filamu za mwanzo zilitafsiriwa Kifaransa huko zilikotoka. Baada ya vita vya 1996 na vile vya 1998, zikaja diski za bei ndogo zenye Kiingereza chenyewe. Ikafuata minara ya simu. Vijana waliokwenda kwenye dhahabu upande wa Kabambare, huko Salamabila ambako watu wa nchi nyingi hukutana, wakarudi na simu zenye muziki wa Marekani ndani.

Leo mtoto wa Kasongo hukutana na Kiingereza miaka mingi kabla ya kufika mwaka wa tatu wa sekondari, na anachokutana nacho kwanza ni tusi. Nimefikiri sana kwa nini iwe hivyo. Sioni kwamba watoto wameharibika kuliko sisi. Ukiisikiliza rapu bila kuijua lugha, unachokidaka ni kile kinachorudiwa, kilicho kifupi, na kinachotamkwa kwa nguvu. Lile tusi lao la herufi nne lina sifa zote hizo. Linakaa mwanzo wa sentensi, katikati, mwishoni. Shujaa wa filamu hulitamka akianguka na akishinda. Mwanafunzi mwenye sikio zuri atalishika kabla hajajua kusema asante, na mara nyingi ndiye mwenye kipaji cha lugha darasani.

Naja kwenye ile fulana. Ilikuwa asubuhi ya Idi el-Fitri, si miaka mingi iliyopita. Watoto walikuwa wakielekea msikitini, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Kati yao alikuwamo kijana wa miaka kama kumi na moja, amevaa fulana nyeusi ya mitumba, mpya kwake. Kifuani, kwa herufi nyeupe kubwa, yalikuwapo maneno mawili: tusi lile lile, na chini yake neno la kumwonyesha msomaji kwamba analengwa yeye. Nilisogea karibu. Fulana ilikuwa imepigwa pasi ya mkaa kwa uangalifu mkubwa. Mikunjo miwili ya mikono ilikuwa imenyooka, na pale kwenye maandishi pasi ilizungushwa pembezoni, herufi moja moja, ili plastiki isiyeyuke. Mtu alikuwa amekaa usiku akilitunza lile tusi lisiharibike.

Mama yake aliniona ninavyotazama, akafurahi. "Mwalimu, unaona? Ni Kiingereza. Imeandikwa nini?"

Nilimvuta kando nikamwambia. Sikulipunguza. Alisimama kidogo, kisha akafungua kitenge chake cha begani, akamfuata mwanawe katikati ya wenzake, akamfunga kifuani kama anayemkinga na baridi. Hakumgombeza. Njiani aliniambia kwamba aliinunua kwa pesa ya mafuta ya mawese, na kwamba muuzaji alimwambia hiyo ni ya wasomi.

Tangu siku hiyo nimeanza kuyaona yaliyokuwa mbele ya macho yangu siku zote. Bibi mmoja alimleta mjukuu wake kwangu, akitaka niamini kwamba mtoto anajua Kiingereza. Mtoto akasimama wima, akatiririka kwa dakika nzima, na katika yote aliyosema hakuna neno ambalo ningelirudia mbele ya watu. Bibi akapiga makofi. Mwanamke huyu ni wa kizazi kilichonitia pilipili mdomoni. Angelisikia tusi la Kiswahili, au la Lingala, au hata lile la Wabelgiji, angeinuka na fimbo. Hili lilimpita kama upepo, naye akatabasamu kwa fahari.

Wataalamu wamepima jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2003 watafiti huko Marekani waliwasikilizisha maneno Waturuki waliojifunza Kiingereza baada ya utoto, huku wakipima jinsi ngozi ya vidole inavyoitika mtu anaposhtuka. Matusi ya Kituruki yaliishtua ngozi kuliko ya Kiingereza. Lakini kilichonigusa mimi ni kwamba waliwasikilizisha pia maonyo ambayo mzazi humwambia mtoto anapokosea, na maonyo ya Kituruki yakawatikisa watu wazima waliokwisha hama nchi na kusoma vyuo vikuu, ilhali maonyo ya Kiingereza yaligonga ngozi kidogo tu. Mwaka uliofuata Jean-Marc Dewaele, profesa Mbelgiji wa London, aliwauliza zaidi ya watu 1,000 wenye lugha nyingi, na wengi wakajibu kwamba tusi zito kwao ni la lugha ya kwanza, na jepesi zaidi ni la lugha waliyoipata darasani peke yake.

Nikisoma hayo namwona babu yangu akituketisha uwanjani. Uzito wa neno hutoka kwa mtu unayempenda ambaye siku moja alikasirika ulipolitamka. Watoto wetu wamepewa maneno ya Kiingereza bila mtu huyo. Wanayatamka kwa ulimi mwepesi, mbele ya wazazi, mbele ya imamu, mbele ya padri, katika mji ambamo hakuna anayeshtuka.

Na mji hauishii hapa. Watu wengi wa Kabambare na Fizi waliokimbia vita waliishia kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, na kutoka huko maelfu wamepelekwa Marekani. Ndugu yangu mmoja yuko huko. Alinipigia simu akilia: mwanawe wa miaka tisa, wiki za mwanzo shuleni, alimsalimu mwalimu wake kwa maneno aliyoyajua, huku akicheka, akidhani anasema jambo la urafiki. Akarudishwa nyumbani na barua ambayo baba hakuweza kuisoma. Kwa Wamarekani, tusi hilo ni la moto kabisa, maana mama zao waliwakanya kwalo. Mtoto wetu alifika na makaa mkononi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yanaunguza.

Sitamani pilipili irudi. Iliumiza, na wengine walipakwa kwa hasira iliyotoka mahali pengine kabisa. Ninachokililia ni masikio ya mtaa mzima. Tulizungukwa na watu waliotuelewa, na kwa kuwa walituelewa, hatukuweza kupotea mbali. Kijana wa leo ana chumba ndani ya lugha ambamo mkubwa yeyote wa Kasongo hawezi kuingia, na wakubwa wenyewe wanamsifu kwa kuwa nacho.

Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, watu wazima wengi zaidi wanataka Kiingereza. Wanakwenda Kampala na Kigoma kununua bidhaa. Nina darasa dogo la jioni, kwenye baraza, ubao umeegeshwa ukutani. Nilipolianza nilifuata mpango wa mwalimu wangu wa zamani: nyumba, mwanamke, saa ngapi. Mama wa ile fulana alikuja akajiandikisha, akalipa kwa mchele. Jioni ya kwanza, kabla sijaandika chochote, aliinua mkono.

"Mwalimu, usianze na nyumba. Unifundishe kwanza yale mabaya. Nataka nikisikia, nijue."

Wanaume wawili walicheka. Yeye hakucheka, na wanawake wengine watatu wakasema nao wanataka hivyo. Basi niliufunga mlango wa ua, watoto wasisikie, nikayaandika ubaoni, moja baada ya jingine, na kila moja nikalieleza linamgusa nani na linaumiza wapi. Waliyanakili yote. Mama yule alinitaka niyatamke haraka, jinsi yanavyosemwa kwenye simu, maana polepole, alisema, hataweza kuyakamata. Nikayatamka haraka. Akaniambia nirudie.