Posho ya Katekista



Juma hili alitujia mwalimu wa shule ya msingi, amechoka, akitaka kuacha kazi ili afungue duka. Tukamweleza habari za Nyerere: mwaka 1955 aliacha kufundisha Pugu ili aiongoze TANU, lakini jina la Mwalimu hakuliacha hata alipokuwa Rais, kwa maana ualimu ni wito. (Sisi mapadre tu wepesi wa kuwahubiria wito wenye njaa.) Akatusikiliza kwa adabu, kisha akauliza: “Baba Paroko, katekista wetu naye ni mwalimu. Je, posho yake ameipata?”

Hajaipata tangu Pasaka, na tulioichelewesha ni sisi. Hatukuwa na la kujibu. Katika matangazo ya Jumapili tutaisoma hesabu hiyo mbele yenu.