Kabla ya Nikahi, Tuulizane Pia Habari za Moyo



Sisi wa cherehani tunaijua miili ya wanawake kuliko tunavyosema. Tukishika futi kamba tunaona nani amepungua na nani ana mimba asiyoitangaza, nasi tunanyamaza, maana siri ya mteja ni amana. Lakini mwaka jana, hapa dukani kwetu Kilindoni, tuliona jambo ambalo kulinyamazia kungekuwa kosa.

Binti wa miaka 22 alikuja kupimwa gauni la nikahi. Tulipopiga magoti kupima pindo tukaona kano za nyuma ya visigino vyake zimenenepa kama kamba ya nanga. Kwenye viwiko alikuwa na vinundu vigumu. Tulipomuuliza kama aliumia, akacheka. "Hivi ni vya kwetu, dada. Hata marehemu baba alikuwa navyo."

Baba yake alianguka ghafla akivuta nyavu, akafariki na miaka 38. Mtaani walisema kijicho. Na mchumba wake ni mtoto wa shangazi, dada wa baba huyo huyo.

Jina la ugonjwa hatukulijua. Kifo ni kadari ya Mwenyezi Mungu, lakini sababu huulizwa. Tukamshauri mama yake ampeleke hospitali. Shangazi alikuja juu: "Mnataka kuvunja harusi ya watoto kwa ajili ya vinundu?" Wiki tatu hakuitikia salamu zetu.

Mama hakusikiliza maneno. Binti alipimwa damu, kisha wakapanda boti hadi Nyamisati na kuendelea Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Jibu: lehemu, ambayo wengine huiita kolesteroli, ilikuwa juu sana, na chanzo chake ni urithi.

Tulishangaa. Binti ni mwembamba, na chakula chake ni samaki. Aliporudi alitueleza alivyofahamishwa, nasi tukatafuta zaidi.

Lehemu si sumu. Mwili huijengea kuta za seli na kutengenezea homoni, zikiwemo za uzazi. Lakini ni mafuta, na mafuta hayachanganyiki na damu. Kwa hiyo husafirishwa ndani ya vifurushi viitwavyo lipoprotini, kama mzigo ndani ya ngalawa. Juu ya seli, hasa za ini, kuna vipokezi. Hivi ni kama wachukuzi wa pwani: hukamata ngalawa, huiingiza ndani, hushusha mzigo, kisha hurudi juu kungoja nyingine. Safari moja huchukua kama dakika 10. Kazi hii iligunduliwa na madaktari wawili wa Dallas, Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Mwenye urithi huu amepata maelekezo mabovu ya kipokezi kutoka kwa mzazi mmoja, hivyo wachukuzi wake wanaofanya kazi ni kama nusu. Ngalawa zinazagaa baharini, mzigo unaganda kwenye kuta za mishipa ya damu, na mwingine kwenye kano. Moyo unaweza kuziba mtu akiwa bado kijana. Duniani inakadiriwa mtu 1 katika kila 250 hadi 300 anao, na wengi hawajui.

Sasa sikilizeni, mabibi harusi. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Wazazi wote wawili wakiwa nao, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuurithi pande zote mbili, na mtoto huyo anaweza kupata shambulio la moyo kabla ya miaka 20. Kuoana binamu ni halali na hatukuharamishi. Tunasema mpime kwanza.

Tiba ipo. Dawa za jamii ya statini hupunguza lehemu inayotengenezwa na ini, nalo ini huongeza vipokezi ili liipate kutoka kwenye damu. Ila mwambie daktari mapema ukipanga mimba, maana mara nyingi dawa hizi husimamishwa wakati wa ujauzito na kunyonyesha.

Na sisi wengine tusijisahau. Mafuta mazito, likiwemo tui letu la kwanza tunalolimimina kila siku, hupunguza kazi ya vipokezi. Utafiti wa Lugalawa, uliochapishwa mwaka 1996, uliwakuta wanakijiji wa Ziwa Nyasa waliokula samaki kila siku wana lehemu ndogo kuliko wenzao waliokula mboga. Samaki tunao, alhamdulillah. Tusimzamishe ndani ya tui.

Mchumba alipimwa, akaonekana hana. Mdogo wake bibi harusi, wa miaka 15, alikutwa nao, na sasa anatibiwa. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekuja kulipia gauni. Alisimama mlangoni kidogo, akasema, "Kaka yangu angepimwa, leo angekuwa walii wa mwanawe."

Dada, unapouliza dini, tabia na kazi ya mchumba, uliza pia: kwenu nani alikufa kijana, na alikufaje?