Malampaka: Tusome Ubao wa Matokeo

Ukipanda treni Tabora kwenda Mwanza, utapita Isaka, kisha Shinyanga. Ukishapita Shinyanga, kabla ya kufika Malya, utakuta kituo cha Malampaka. Reli hii ilifika Mwanza mwaka 1928. Juni 2021 ulizinduliwa ujenzi wa reli nyingine, pana zaidi, kati ya Mwanza na Isaka. Hiyo nayo njia yake ni Malampaka.

Mji huu upo katika wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu. Zamani sehemu hii ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Wenyeji wengi ni Wasukuma. Wanalima pamba, mahindi na mpunga. Tena wanafuga ng'ombe.

 Sisi leo tunakwenda kutazama shule. Malampaka ipo sekondari ya serikali yenye jina la mji. Shule kama hiyo ipo pia katika kata yako. Kwa hiyo yale tutakayojifunza hapa yanakuhusu na wewe.

WATOTO NI WENGI

Katika sensa ya mwaka 2012 mkoa wa Simiyu ulikuwa na watu karibu milioni 1 na laki 6. Mwaka 2022 walikuwa wamezidi milioni 2. Watu wakiongezeka, na wanafunzi wanaongezeka.

Jambo la pili ni ada. Zamani mwanafunzi wa kutwa alilipa shilingi 20,000 kwa mwaka. Tangu Januari 2016 ada hiyo imefutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji sasa wanaingia mlango mmoja na mtoto wa mfanyabiashara. Lakini mzazi bado ananunua sare, viatu na madaftari.

Jambo la tatu ni lugha. Katika shule ya msingi ya serikali mtoto alifundishwa kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza anafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyehudhuria kila siku hapo huachwa nyuma upesi.

MADARAJA YANA MAANA GANI?

Matokeo ya kidato cha nne hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Yakitoka, watu huuliza, "Shule yetu imefaulisha?" Tusome pamoja.

Kila somo hupewa alama. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na F ni 5. F maana yake ameshindwa. Huchukuliwa masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi, na pointi zake hujumlishwa. Mwenye pointi chache ndiye aliyefanya vizuri.

Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza.
Pointi 18 hadi 21 ni daraja la pili.
Pointi 22 hadi 25 ni daraja la tatu.
Pointi 26 hadi 33 ni daraja la nne.
Pointi 34 na 35 ni sifuri.

Angalia jambo hili. Mtoto mwenye D mbili na F tano ana pointi 33. Huyo anahesabiwa kuwa amefaulu, kwa daraja la nne. Kwa hiyo usiulize tu wamefaulu wangapi. Uliza wamefaulu kwa daraja gani. Njia ya kidato cha tano ni ya wale wa daraja la kwanza hadi la tatu.

WASIOONEKANA KWENYE UBAO

Sasa tufanye hesabu. Hesabu hii ni mfano tu, si ya shule ya Malampaka. Watoto 80 waliingia kidato cha kwanza. Miaka minne baadaye, watoto 50 walifanya mtihani. Kati yao 40 walifaulu.

Ubao utasema: 40 kati ya 50, yaani asilimia 80. Watu watapiga makofi. Lakini walioanza walikuwa 80. Waliofaulu ni nusu yao tu. Je, wale 30 wako wapi? Hawakushindwa mtihani, kwa sababu hawakuufanya. Ubao hauna habari zao. Sisi kijijini ndio tunazo.

Pengine mmoja amehama na wazazi wake, anasoma mahali pengine. Huyo si hasara. Lakini mwingine yuko machungani na ng'ombe. Mwingine ameolewa, na mahari imekwisha kuliwa.

Angalia pia kalenda yetu ya shamba. Pamba huvunwa kuanzia Mei, wakati muhula wa kwanza haujaisha. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, wakati mvua zinaanza na kila mtu ameshika jembe. Siku unazomwita mtoto shambani ndizo siku anazotakiwa darasani.

WASICHANA NA WAVULANA

Matokeo huonyesha wasichana peke yao na wavulana peke yao. Usipite haraka hapo. Katika mtihani wa mwaka 2022, watahiniwa wasichana nchini walikuwa wengi kuliko wavulana. Lakini asilimia ya waliopata daraja la kwanza hadi la tatu ilikuwa kubwa kwa wavulana. Msichana anayechota maji na kupika kabla ya kufungua daftari anasoma saa ngapi?

Sheria nayo ipo. Tangu mwaka 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Na tangu Novemba 2021, Serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Kama yupo nyumbani kwako, usimfiche. Nenda naye kwa mkuu wa shule.

MASWALI YA KUULIZA

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu. Kikao cha wazazi kikiitishwa, chukua daftari lako uulize maswali haya manne:

1. Kidato cha kwanza waliingia wangapi?
2. Kidato cha nne walifanya mtihani wangapi?
3. Wasichana wangapi, na wavulana wangapi?
4. Waliopungua wako wapi, na nani atakwenda kuwatafuta?

Swali la nne mwalimu hawezi kulijibu peke yake. Ng'ombe wako akipotea, hungoji mkutano. Unafuata nyayo siku hiyo hiyo. Mtoto aliyepotea darasani naye afuatwe hivyo, tena mapema, kabla jina lake halijakosekana kwenye ubao.