Mkalimani Aliyekosea

Leo sitahubiri. Nataka kukushirikisha jambo lililonipata nyumbani kwangu. Lina aibu kidogo, kwa hivyo nivumilie mpaka mwisho.

Sebuleni kwetu kuna kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba pale Luthuli Avenue, Nairobi, miaka mingi iliyopita. Ndani yake mna kadi ya picha ya NVIDIA GeForce 210, aina iliyotoka mwaka wa 2009. Ni kongwe, lakini imetufaa. Watoto wamesomea hapo, na mimi nimeandalia hapo mahubiri mengi.

Jumamosi moja mwezi wa Novemba niliamka nikamkuta kifungua mimba wangu ameketi mbele yake, na skrini imeharibika. Maandishi yalikuwa makubwa kama ya bango la krusedi. Picha yetu ya harusi ilikuwa imevutwa kando, mimi na mama watoto tumenenepa ghafla. Skrini ambayo kawaida huonyesha 1440 kwa 900 ilikuwa imeshuka hadi 800 kwa 600. Kijana alikuwa akijaza fomu ya kuomba nafasi chuoni, na ukurasa haukutosha tena kwenye kioo.

Sikuuliza kitu. Mbele ya wadogo zake, na mbele ya mzee wa kanisa aliyekuwa amekuja kunywa chai, nilisema, "Ni hizo gemu zako. Umeua kompyuta ya nyumba nzima."

Akasema, "Baba, nimeipata hivi."

Nikamwambia asinidanganye. Akazima mashine, akatoka nje. Tangu siku hiyo hakuigusa tena. Salamu alinipa, mezani tulikula pamoja, lakini alinijibu kwa neno moja moja tu. Wiki tatu zikapita hivyo.

Mama watoto aliniuliza usiku mmoja, "Baba, ulimuuliza au ulimhukumu?" Nikageuza mazungumzo. Lakini wote walipolala niliwasha ile kompyuta. Niseme ukweli: nilitaka kupata ushahidi kwamba mimi ndiye niliyekuwa na haki.

Nilianza na mambo mepesi. Nikachomoa kebo ya skrini, nikapangusa vumbi, nikairudisha. Hakuna. Nikaunganisha skrini nyingine ya ofisi ya kanisa. Yale yale. Basi skrini haikuwa na kosa. Nikabofya kitufe cha Windows kwa upande wa kulia wa kipanya, nikafungua ukurasa unaoitwa Device Manager, pale vifaa vyote vimeorodheshwa. Kwenye kadi ya picha palikuwa na alama ya manjano ya mshangao. Draiva ilikuwa imekataa kuanza.

Kama hujui draiva ni nini, fikiria mkutano ambapo mhubiri mgeni anahubiri Kiingereza na mkutano wetu unasikia Kiswahili. Katikati husimama mkalimani. Windows ndiyo mhubiri, kadi ya picha ndiyo mkutano, na draiva ndiye mkalimani. Mhubiri anaweza kuwa mzima na mkutano ukawa mzima, lakini ukimsimamisha mkalimani wa lugha nyingine, hakuna neno litakalofika. Hapo Windows hutumia draiva ya msingi, mkalimani wa maneno machache, ili angalau uone kitu. Ndiyo maana maandishi huwa makubwa na picha huvutika.

Sasa nikajiuliza, nani amembadilisha mkalimani? Nikafungua orodha ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta, nikaipanga kwa tarehe. Juu kabisa palikuwa na programu moja inayojidai kusasisha draiva zote bure. Iliwekwa tarehe 18 Novemba 2025. Siku ya Jumanne.

Mpendwa, moyo wangu ulishtuka. Wiki ile kijana alikuwa ushago kwa nyanya yake akisaidia palizi. Alirudi Ijumaa jioni. Aliyekaa kwenye kiti kile Jumanne usiku ni mimi.

Nikakumbuka yote. Nilikuwa nimesikia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba, nikaingiwa na hofu. Nikiwa kwenye intaneti tangazo likatokea: kompyuta yako ina draiva 17 zilizopitwa na wakati, bonyeza hapa. Nikabonyeza. Ikauliza, nikakubali bila kusoma. Ikauliza tena, nikakubali tena. Mwishowe ikataka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Nikaizima, nikaenda kwenye kesha, nikasahau. Kijana alipoiwasha ndipo ile draiva isiyo ya kadi yetu ilipojaribu kuanza kazi. Alikuta kosa langu, akalipokea kama lake.

Nitakuambia wazo lililonijia usiku ule. Niliwaza: nitaitengeneza kimya kimya, asubuhi waikute nzima, na mambo yaishe. Kwa miaka mingi nimesimama madhabahuni nikiwaambia watu watubu, na hapo nilikuwa natafuta mlango wa nyuma. Nilikaa gizani karibu saa moja kabla ya kuzima mashine na kwenda kulala bila kuigusa.

Asubuhi niliwaita watoto wote mezani. Nilimlaumu mbele yao, kwa hivyo isingekuwa haki kumwomba msamaha chumbani. Nikasema, "Kompyuta niliharibu mimi. Ndugu yenu alisema kweli, nikamwita mwongo. Nisamehe, kijana wangu." Baadaye nikampigia simu yule mzee wa kanisa nikamwambia vivyo hivyo.

Kijana alinyamaza. Kisha akasema, "Sawa, Baba. Ile fomu nilishaituma. Nilienda saiba. Nililipa na pesa za kuosha gari la jirani."

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Mtoto aliosha gari la mtu ili atume fomu, na kompyuta iko sebuleni kwao.

Chai ilipokwisha akaniambia, "Leta kiti, tuangalie namba ya kadi kwanza." Tuliyofanya nayaandika hapa, kwa kuwa najua wengi wenu mna mashine za umri huo.

Kwanza tulihifadhi picha na barua zote kwenye flashi, na tukaweka alama ya kurejea, ili jambo likiharibika zaidi turudi tulipokuwa.

Pili, tukaiondoa ile programu ya bure.

Tatu, tukasoma namba ya utambulisho ya kadi ndani ya Device Manager. Namba hiyo kwa kawaida huaminika kuliko jina lililoandikwa. Ikiwa na 10DE, kadi ni ya NVIDIA. 8086 ni Intel. 1002 ni AMD. Yetu ilikuwa 10DE, na 0A65 baada yake, ndiyo GeForce 210 yenyewe.

Nne, tukaingia kwa njia ya Safe Mode, tukaifuta draiva mbaya pamoja na faili zake.

Tano, tukaenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi, si kwingine. Draiva ya mwisho kutolewa kwa kadi hii kwenye Windows 10 ni 342.01, ya Desemba 2016. Hapo nikajifunza jambo: kwa mashine kongwe, draiva mpya kuliko zote si lazima iwe yake. Yake ni ile inayoijua. Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64, maana draiva zake ni mbalimbali. Faili ni kubwa, hakikisha una bando.

Tuliiweka. Skrini ikawa nyeusi sekunde kadhaa, nami nikashika roho. Kisha ikarudi, pana na safi, 1440 kwa 900. Kwenye picha ya harusi mimi na mama watoto tukarudi wembamba. Kijana akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka karibu nami baada ya wiki tatu.

Sitakuambia kwamba yote yamesahaulika. Skrini ilipona kwa saa mbili, lakini mtoto aliyeitwa mwongo mbele ya watu hachukui saa mbili. Bado natembea naye polepole, na sasa nauliza kabla ya kusema.

Mzazi unayesoma haya, huenda kuna mtoto nyumbani kwako anayekujibu kwa neno moja moja. Kabla hujasema ameharibika, angalia tarehe. Huenda ni wewe uliyekaa kwenye kiti siku ile. Na ikiwa ni wewe, usitengeneze kimya kimya. Msamaha uombwe pale pale lawama ilipotolewa.

Mungu akupe ujasiri wa kufanya hivyo leo, kabla jua halijazama. Ubarikiwe.