Mahari Yangu Haikuwa Mbovu



Leo nawasimulia kisa kilichonifika mwenyewe, harusi yangu haijatimiza hata miezi minne. Ni kisa cha kompyuta na gemu, lakini mkikisoma mpaka mwisho mtaona kuwa ni kisa cha ulimi wangu.

Nilipoposwa na baba akaniuliza nataka mahari gani, nilisema: kompyuta mpakato yenye kadi ya grafiki. Shangazi zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Biharusi gani huyu! Wenzio wanataka dhahabu." Lakini mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, na Surat An-Nisaa, aya ya 4, inatukumbusha hilo. Mie nachora mapambo ya kumbi za harusi kwa kompyuta, na ile ya zamani ilikuwa inanifia mikononi. Tena sitaficha, nilitaka na kucheza gemu. Gemu niipendayo ni moja tu, Euro Truck Simulator 2. Unaendesha lori la mizigo kutoka mji hadi mji wa Ulaya, mvua inanyesha, vifuta vioo vinakwenda, hakuna kuuana wala picha za aibu. Nikishasali Isha na vyombo vimeshaoshwa, natoka na lori langu Calais kwenda Duisburg, moyo unatulia.

Mume wangu aliileta mahari kamili, mpya, ndani ya boksi lake. Fungate ikapita. Usiku wa kwanza nilipofungua gemu, picha zikawa zinakwama. Lori linasimama, linaruka, linasimama tena. Nikaiweka ile hesabu ya picha ionekane pembeni ya skrini: 15 kwa sekunde. Ili gemu ichezeke inataka angalau 30, na ikifika 60 ndiyo inateleza vizuri.

Kwenye kompyuta kuna kibandiko cha NVIDIA. Nikakitazama, nikasema moyoni: hiki kibandiko tu, ndani hamna kitu. Bwana kauziwa mbuzi kwenye gunia. Kisha shetani akanisogelea zaidi: au labda kachukua ya rahisi kwa makusudi, akijua mwanamke hatagundua.

Sikumuuliza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. La pili ni kubwa zaidi: nilichukua simu, nikamrekodia shoga yangu sauti ya dakika tatu. "Mwenzio nimepewa mahari mbovu." Nikacheka, naye akacheka. Kisiwa chetu ni kidogo, dada zangu. Maneno hayakukaa wiki.

Jumamosi moja wifi yangu, dada yake mume wangu, akaja kunitembelea. Anasomesha kompyuta skuli ya sekondari. Alikunywa chai, akaulizia hali ya mama, halafu akasema taratibu, "Haya wifi, niletee hiyo mahari mbovu niione."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Hakunigombeza. Aliniambia nifungue gemu, kisha nibonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Likatokea dirisha la Task Manager. Tukaingia sehemu ya "Performance". Chini kulikuwa na majina mawili: GPU 0, ya Intel, na GPU 1, ya NVIDIA. Ile ya Intel ilikuwa inafanya kazi asilimia 97, inahema kama punda wa mlimani. Ile ya NVIDIA ilikuwa asilimia 0. Ipo, nzima, imekaa kimya. Hakuna aliyeiita.

Wifi akanieleza. Kompyuta mpakato kama yangu ina vitengo viwili vya kuchora picha. Kimoja ni kidogo, kimo ndani ya prosesa yenyewe, hakili umeme mwingi, na kinatosha kwa kuandika barua na kutazama video. Cha pili ni kadi kubwa yenye kumbukumbu yake peke yake. Hiyo ina nguvu, lakini inakula betri na inatoa joto. Ili betri idumu, kompyuta huanza na kile kidogo, na kadi kubwa huitwa programu inapoonekana kuihitaji. Mara nyingine uamuzi huo hukosea, na gemu nzito ikabebeshwa mnyonge.

Dawa yake ni kuiambia wewe mwenyewe. Kwenye Windows unaingia "Settings", halafu "System", "Display", kisha "Graphics". Hapo unaongeza programu unayoitaka, kisha unaichagulia "High performance".

Mie nikajitia kujua, nikaichagua Steam, ambayo ndiyo ninayofungulia gemu. Nikarudi kwenye lori langu: 15 vile vile. Wifi akacheka. "Umemruhusu bawabu, biharusi umemwacha nje ya ukumbi." Kumbe kinachotakiwa ni faili la gemu yenyewe. Langu linaitwa eurotrucks2.exe, limo ndani ya folda ya bin, kisha win_x64. Kwa wenye watoto wanaocheza Minecraft ile ya Java, faili la kuchagua ni javaw.exe, si kile kidirisha cha kufungulia.

Tukaifunga gemu kabisa, tukaifungua upya. Picha 58 kwa sekunde. Matone ya mvua yanateleza kwenye kioo cha lori, taa za barabarani zinapita. Badala ya kufurahi, machozi yakanitoka.

Usiku ule nilimwambia mume wangu kila kitu, mpaka ile sauti ya dakika tatu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilisikia tangu wiki iliyopita. Nilirudi dukani kuuliza, wakaniambia kompyuta ni nzima. Sikuwaamini. Niliona haya, nikadhani kweli nimekuletea kitu kibovu." Hapo ndipo nilipojua kuwa ile vespa yake, aliyoniambia imeharibika, aliiuza ili mahari yangu itimie. Miezi yote ile alikuwa anakwenda kazini kwa daladala, na mie nimekaa kitandani nawachekesha watu kwa jina lake.

Nilimwomba radhi, akanisamehe, Allah amlipe kheri. Asubuhi nikamrekodia shoga yangu sauti nyingine, nikamwambia nilimdhulumu mume wangu, na aliowafikishia lile la kwanza awafikishie na hili. Hii ilikuwa nzito kuliko ile ya mwanzo, wala hakuna aliyecheka. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inatukataza dhana nyingi na kusengenyana katika aya moja. Sasa naelewa kwa nini vimekaa pamoja. Mie nilianza na dhana, na usiku ule ule nikafika kwenye kusengenya.

Kwa maharusi wanaotaka kompyuta, iwe mahari au zawadi, nawaachia haya. Mkiwa bado dukani, iwasheni na mfungue Task Manager muone majina ya kadi zote mbili. Ikiwa kadi kubwa haionekani, huenda programu yake ya kuiendesha haijawekwa. Hupatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa hiyo msikimbilie kulaumu mtu. Mkicheza, ichomekeni kwenye umeme, maana ikiwa kwenye betri kompyuta hujipunguzia nguvu. Umeme ulipokatika juzi, lori langu lilianza kukwama tena, na safari hii sikumshuku mtu. Na iwekeni juu ya meza, si juu ya godoro. Godoro huziba matundu ya hewa, na kadi ikipata joto hupunguza kasi yenyewe.

Na jambo likikutatiza nyumbani kwako, dada yangu, muulize mumeo kabla hujamuuliza shoga. Mie ningeuliza usiku ule wa kwanza, tungekaa wawili mbele ya skrini tukatafuta dawa pamoja.

Sasa tunaweka akiba ya vespa. Pesa ya kwanza ya mapambo niliyoyachora kwa mahari yangu nimeitia humo kwa ridhaa yangu. Yeye alikataa, nikamwambia mahari ni yangu na kazi yake ni yangu. Akacheka, akanyamaza.

Allah atuhifadhi na shari ya ndimi zetu na azitie baraka ndoa zetu. Aamin.