Hadithi Niliyoiita Uongo

Nilifundisha Historia sekondari hapa Ifakara, na kosa ninaloliungama nililitenda darasani, kwa kujiamini kabisa. Niliwaambia wanafunzi kwamba habari za asili ya wafalme wa Kilwa ni uongo mtupu, wazifute vichwani.

Wengi mnazijua. Ali bin al-Hasan, mwana wa sultani wa Shiraz, anakinunua kisiwa kwa kitambaa cha kutosha kukizunguka chote, kisha mkondo unachimbwa ili aliyeuza asivuke tena kutoka bara. Masimulizi ya Kiarabu yanataja merikebu saba, za baba na wanawe sita. Mreno João de Barros, aliyechapisha yake mwaka 1552, anasema mama yake Ali alikuwa mtumwa wa Kihabeshi.

Mimi nilikuwa nimesoma juu ya uchimbaji alioufanya Neville Chittick miaka ya 1960. Nilijua kwamba watu waliishi Kilwa, katika nyumba za miti na udongo, muda mrefu kabla ya Ali huyo. Hilo ni kweli hadi leo. Nilipopotea ni pale nilipoona kwamba, kwa kuwa nimeujua ukweli huo, hadithi haina kazi tena. Binti mmoja aliuliza: kama ni uongo, mbona watu wa Kilwa waliitunza? Nilimwambia akae. Mwenzake aliandika alivyosimuliwa na babu yake jinsi Wambunga na watawala wao walivyoingia bondeni kwetu. Nikampa sifuri, eti hakutaja kitabu.

Swali la yule binti ndilo lililokuwa historia. Masimulizi ya Kiarabu yaliandikwa karne ya 16, baada ya Wareno kuivamia Kilwa mwaka 1505, wakati usultani wenyewe unagombewa. Anayegombea kiti humtafuta babu mwenye jina kubwa, na ushahidi kwamba ardhi ilinunuliwa kwa haki. Kitambaa kile ndicho ushahidi. Lakini masimulizi ya Kiswahili ya Kilwa yanasema mgeni alimwoa binti wa Mrimba, mkubwa wa kisiwa, na mtoto wao akarithi utawala wa babu yake mzaa mama. Wenyeji walitia haki yao humo humo.

Wala Ali hakuwa wa kubuniwa: sarafu zenye jina lake zimefukuliwa Kilwa na Pemba. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya waliozikwa katika miji ya kale ya pwani. Kwa wengi wao, damu ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika, na ya upande wa baba ilitoka zaidi Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000.

Wanafunzi wangu wa miaka ile, nawaomba radhi. Na ninyi walimu wa leo, wa Ifakara, Mlimba na Malinyi, wazee wanaojua habari za watawala wa bonde hili wanapungua. Watumeni watoto wakaziandike sasa, na jina la msimulizi liwekwe juu ya ukurasa.