Loiyangalani: Kichupa cha watoto kumi

Atokaye Marsabit kwenda Loiyangalani huvuka jangwa la mawe meusi, na kabla hajaliona Ziwa Turkana hulakiwa na upepo wake. Ndio upepo huu unaozungusha ile mitambo 365 ya umeme. Mjini penyewe pana chemchemi, mikoma na mchanganyiko wa Waturkana, Wasamburu na Warendile. Mbele kidogo, ukingoni mwa ziwa, ndiko waliko Waelmolo wa Layeni na Komote, wavuvi ambao idadi yao ni ndogo mno. Maji yalipopanda miaka ya karibuni, Komote ilitengwa na nchi kavu, ikawa haifikiki ila kwa mashua.

Sisi wa mijini ni wepesi wa kusema kwamba akina mama wa huko hawataki chanjo kwa sababu ya ujinga. Sikubaliani. Mama aliyeona surua ikipita kijijini hahitaji kuhubiriwa. Kovu la chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wa kushoto analijua fika. Kinachomtia wasiwasi ni sindano za wiki sita: mtoto huchemka usiku kucha, mama mkwe naye anauliza mtoto mzima alipelekwa kudungwa ya nini. Laiti angalielezwa mapema kuwa homa hiyo ni ya kawaida na hupoa!

Lakini kuna jambo moja ambalo, msomaji, halisemwi sana. Chanjo ya surua huja ikiwa unga katika kichupa cha dozi kumi. Ukishakorogwa, hauna budi kutumika katika muda wa saa sita, na masalio yakatupwa. Basi muuguzi akiona mtoto mmoja tu kwenye benchi, husita kukifungua. Mama huambiwa arudi siku watoto watakapotimia. Katika mji mkubwa hao kumi hupatikana kabla ya saa nne asubuhi. Katika kijiji cha wavuvi wachache, watoto kumi wenye miezi tisa watoke wapi? Na nauli ya mashua amekwisha kulipa.

Shirika la Afya Duniani hushauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwani dozi zinazotupwa ni nafuu kuliko surua. Ila muuguzi naye ana hesabu ya kutoa kwa wakubwa wake.

Bado kuna dozi ya pili, ya miezi 18. Hapo mtoto anakimbia ufukweni, ana nguvu, hana hata kikohozi. Nani atampandisha mashua tena?